Mkanda wa Tatu wa Kinyamkera

Kwanza kabisa, usishike mkanda wa sinema kwa mkono uliokula samaki. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililopokelewa nalo mimi, na kwa sababu nyie vijana niliowaachia gari nawajua: mnakula mkiwa mmekalia makopo ya mikanda. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika kazi, tangu siku niliyopanda gari la sinema hapa Kibaha mpaka nilipokabidhi ufunguo, na msishangae sehemu kubwa ikiwa ni ya filamu moja ambayo haikuwa hata mali ya serikali.

Kilichonikalisha kuandika ni ubishi. Muda mfupi baada ya kustaafu nilikwenda Masaki, kule Kisarawe, kutafuta mbegu za korosho. Kwenye kibanda cha kahawa nikakuta wazee watatu wanabishana mpaka vikombe vimepoa. Nikadhani ni mipaka ya mashamba, maana kule hiyo ndiyo inayopandisha sauti namna ile. Nikasogea nisikie. Kumbe ni fainali ya mpira wa Wamarekani, ile tuliyowaonyesha sisi zamani, wakati hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mvi.

"Alikimbilia kulia," anasema mmoja.

"Kushoto. Mimi nilikuwepo."

"Wewe ulikuwepo nyuma ya shuka."

Hapo nikajua ubishi huo hautaisha. Shuka la sinema linaonekana pande zote mbili, na watu wakijaa mbele, waliochelewa huenda kukaa nyuma yake. Wanaona kila kitu, ila kimegeuzwa. Wale wazee wawili wote walikuwa wanasema kweli, na kila mmoja atazikwa akimwona mwenzake mwongo. Yule wa tatu akanitambua.

"Huyu hapa mwenye mashine. Muulizeni yeye. Mpira ulivuka mstari au haukuvuka?"

"Mimi nilikuwa natazama mashine," nikasema.

Wakacheka, wakadhani nakwepa. Lakini nyie wa kazi mnajua kwamba mtu wa mashine hatazami sinema. Anatazama mkanda unavyopita, anasikiliza jenereta, anawaza petroli. Katika miaka yangu yote nimeinua macho kutazama shuka mara chache sana. Jioni ile ya Masaki niliinua, na nilichokiona si kitu cha kumaliza ubishi wa wazee.

Sasa nirudi mwanzo. Siku ya kwanza kazini nilipokewa na Mzee Athumani, dereva, mtangazaji na mkuu wa msafara, vyote yeye. Mtu mrefu, kofia haitoki kichwani, anaongea polepole mpaka ashike kipaza sauti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanusa.

"Umekula nini?"

"Wali na samaki, mzee."

"Kanawe kwa sabuni. Ukirudi utaniambia tena jina lako."

Vifaa vyake vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na adabu yake. Brashi ya manyoya ya kufutia njia ya mkanda, wembe wa kukatia palipochanika, gundi ya kuungia. Mkanda ukikatika katikati ya onyesho, alinifundisha, lawama ni yako hata kama umekatwa na panya. Na jambo kubwa kuliko yote lilikuwa taa. Mkanda ukiisha, zima papo hapo. Globu zilikuwa adimu, lakini si hilo tu. Ule mwanga mweupe ukibaki kwenye kitambaa kitupu, Mzee Athumani aliona ni aibu.

"Usiwaonyeshe watu shuka uchi," alisema, na nikichelewa alinigonga vidole kwa penseli. Alinigonga muda mrefu kabla sijajifunza.

Filamu zilikuja na Kiingereza chake. Tulikuwa tunafunga sauti ya mashine, naye anazungumza mwenyewe kwenye kipaza sauti, chochote kinachomjia, mradi somo lifike. Kuchimba choo, kuanika korosho, kunyonyesha. Mkulima wa kwenye filamu ya korosho alikuwa amevaa viatu vya kung'aa shambani, na huko Mbwawa watu walimcheka mpaka somo likapotea. Tangu siku hiyo Mzee Athumani alimtambulisha kila mahali kama shemeji aliyetoka mjini kuja kusaidia, na watu wakamsamehe viatu.

Baada ya somo lazima kuwe na kitamu, kitu cha kuchekesha au cha kusisimua, la sivyo wiki ijayo unawaonyesha mbuzi. Shida ni kwamba vitamu vyetu vilikuwa vimechoka. Kimoja kilikuwa cha mtu anayeanguka ngazi. Watoto wa Mlandizi walikuwa wanajua ataanguka kwenye ngazi gani.

Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Tomu. Alikuwa Mmarekani, kijana mwembamba aliyejitolea kufundisha hesabu kwenye shule moja hapa Kibaha. Alivaa makatambuga, na Kiswahili chake alijifunza kwa wanafunzi, kwa hiyo alikuwa anamwamkia kila mtu shikamoo, hata vitoto. Alikuja ofisini na kasanduku ka mbao. Ndani mna makopo matatu ya mkanda. Alisema ni fainali ya ubingwa wa vyuo vya kwao, ameileta toka nyumbani, na hana mashine ya kuionyesha. Kopo la tatu lilikuwa limezungushiwa plasta ya kidonda.

Tukamwonyeshea shuleni kwake, ukutani. Hata mimi niliacha mashine nikatazama kidogo, na ninakiri nilishtuka. Wanaume wenye mabega kama wamebeba magunia, kofia ngumu kichwani, mpira umechongoka kama papai. Mmoja anaushika tu, wengine kumi wanamwangukia. Nikasubiri polisi waje. Wakainuka wote, wakajipanga, wakaanza tena. Mkanda wa pili ulipoisha nikanyoosha mkono kuchukua wa tatu. Mwalimu Tomu akaweka kiganja chake juu ya kopo.

"Inatosha," akasema.

"Lakini haijaisha, mwalimu."

"Hii msiifungue. Nawaomba."

Mzee Athumani akanitazama, nikafunga domo. Akaomba tuazime mikanda miwili iwe kitamu cha vijijini. Mwalimu akafikiri sana, akakubali, kwa sharti moja: kila tukiionyesha, naye awepo. Kasanduku kakabaki garini kwetu, na kopo la plasta ndani yake.

Njiani, tukikata pori kupita Mbwawa kwenda upande wa Kisarawe, mwalimu alimfundisha Mzee Athumani sheria za mchezo. Mzee aliuliza maswali kama hakimu. Kwa nini wanasimama kila mara? Kwa nini wenye mpira wanapewa nafasi nne tu? Tulipofika Masaki alikuwa na maelezo yake tayari, na mpaka leo sijasikia mtu aliyeueleza mchezo ule vizuri zaidi.

"Ndugu zangu," alisema kwenye kipaza sauti, "hawa wanagombea shamba. Wenye nguo nyeupe wanataka kulichukua lote mpaka ule mstari wa mwisho. Wenye nguo nyeusi wanasema haliendi. Kila mwenye mpira anapoanguka, hapo ndipo mpaka. Anasimama, anaanzia hapo hapo."

Basi. Watu wa Masaki hawakuhitaji neno jingine. Mipaka wanaijua. Kila mweupe aliposogea hatua mbili, palizuka kelele, na kuna waliosimama kwenda kwenye shuka kuonyesha kwa kidole mahali goti lilipogusa.

Kati ya weupe kulikuwa na mmoja mfupi, mwepesi, akipewa mpira anazunguka katikati ya watu unashindwa kuelewa kapita wapi. Mbele kabisa, kwenye mkeka wake, alikuwa amekaa Bibi Chausiku, mjane mkulima wa mihogo ambaye hakuna onyesho alilokosa. Ndiye aliyempa jina.

"Kinyamkera huyo," akasema kwa sauti.

Kinyamkera ni kile kimbunga kidogo kinachopita shambani mchana na kuinua majani makavu. Kule wanasema ni shetani anapita, na ukikiona unakipisha. Jina likashika hapo hapo. Na alipoangukiwa na lundo la watu, huoni hata mguu wake, Mzee Athumani akashusha sauti kwenye kipaza kama mtu wa msibani.

"Kafa huyo?"

Watu kimya. Lundo likaanza kufumuka, mmoja mmoja anainuka, na mwisho kabisa yeye, anajipangusa.

"Hajafa," akajibu Bibi Chausiku.

Mara ya pili wakajibu watu kumi. Mara ya tatu uwanja mzima. "Kafa?" "Hajafa." Ikawa ndiyo raha yenyewe. Mzee Athumani aliivuta, akaichelewesha, akaongeza chumvi: leo amekwisha, leteni jeneza, nani anajua kwao? Na watu mia kadhaa wanamjibu kwa pamoja mpaka shuka linatikisika. Mwalimu Tomu alisimama kando yangu, karibu na jenereta. Kila walipojibu alifumba macho. Nikadhani ni moshi.

Tangu hapo hakukosa safari. Kila siku ya onyesho alikuja Tangini nilipokuwa nakaa, anapiga hodi, anasema shikamoo, tunaondoka. Gari likikwama kwenye tope alisukuma na kupakaa tope mpaka kwenye nyusi. Habari za Kinyamkera zikaenea. Watu wa vijiji vya jirani wakawa wanakuja Masaki kwa miguu. Vijana wakaanza kucheza kwa mapapai mabichi, na mmoja akavunjika mfupa wa bega, akakataa kulia kwa sababu Kinyamkera halii.

Ila mkanda wa pili unaishia pabaya. Weupe wako nyuma kidogo tu, mpira wanao wao, muda umebaki mchache, Kinyamkera anajifunga vizuri kamba ya kofia. Halafu mimi nazima taa. Mara ya kwanza walipiga miluzi. Mara ya pili Mzee Athumani akasema mkanda wa tatu unaumwa. Mara ya tatu mwenyekiti wa kijiji alitufuata garini akanong'ona kwamba kama umepigwa marufuku tumwambie tu ukweli, yeye ni kiongozi, atatunza siri.

"Watu wananiuliza habari za mkanda kuliko za mbolea," alisema.

Sisi wenyewe tulikuwa hatujui. Kopo lilikuwa garini, plasta ingetoka kwa kucha moja. Mzee Athumani alisema ukiazimwa kitu na sharti lake, unakirudisha na sharti lake. Hakurudia.

Siku ya nne pale Masaki, nilipozima taa, Bibi Chausiku hakuondoka. Alikuja mpaka kwenye mashine na kikapu cha korosho zilizobanguliwa, na watu wakamfuata. Alimweka Mwalimu Tomu kikapu miguuni.

"Mwanangu, sikuulizi mkanda. Nimechoka kuuliza. Nataka umwandikie huyu Kinyamkera, umwambie Masaki wanamsalimu. Likizo yake aje atutembelee. Atalala kwangu. Hizi umpelekee, aonje."

Mwalimu akatazama kikapu. Nilikuwa namwona vizuri kwa mwanga wa taa ya gari.

"Hawezi kuja, bibi."

"Kwa nini hawezi? Nauli? Sisi tutachanga."

"Amekufa," akasema. "Ni kaka yangu. Alikufa vitani, huko mbali. Miezi mingi sasa."

Nimefanya kazi hii muda mrefu na sijawahi kusikia uwanja wa sinema ukinyamaza namna ile. Jenereta tu. Mzee Athumani alikuwa bado ameshika kipaza sauti, akakiweka chini taratibu kama kitu kinachoungua. Mara zote zile. Leteni jeneza. Nani anajua kwao? Na ndugu wa marehemu amesimama hatua mbili, anasikiliza.

Bibi Chausiku alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Nani alikaa matanga na wewe?"

"Hakuna aliyejua, bibi."

"Siku uliyopata habari ulifanya nini?"

"Nilikuwa na kipindi cha hesabu," akasema mwalimu. "Nikaenda kufundisha."

Nawaambieni kweli, hilo liliwashtua watu kuliko kifo chenyewe. Kifo wanakijua. Lakini mtu afiwe na kaka yake, hapa hapa kwetu, katikati ya watu, asikalishwe chini, asishikwe mkono, asipikiwe hata uji, aende kuandika namba ubaoni? Wanawake wakaanza kulia, si kwa marehemu. Walikuwa wanaona aibu. Bibi Chausiku alivua upande mmoja wa kanga aliojitanda akamfunika mwalimu mabegani.

"Jumamosi uje kwangu," akasema. "Na nyie wenye gari mumlete. Asije na daftari."

Nasikia kuna aliyeuliza kama inafaa kukaa matanga ya mtu asiye Muislamu, tena aliyekwisha zikwa huko kwao. Shehe wa pale akajibu kwamba dua ya marehemu ni jambo jingine, yeye hawezi. Bibi Chausiku akamwambia wao wanamkalia aliye hai. Shehe akaja, akakaa mkekani na watu.

Jumamosi mchana ua wa Bibi Chausiku ulijaa. Wanaume upande huu, wanawake jikoni. Mwalimu Tomu tulimkalisha mkekani, miguu yake mirefu haijui iende wapi. Watu wakawa wanapita mmoja mmoja, wanampa mkono. "Pole, mwalimu." Mzee Athumani alikuwa amemfundisha njiani ajibu nimeshapoa. Akajibu hivyo mara nyingi sana, na kadiri alivyojibu ndivyo machozi yalivyozidi kumtoka, mpaka neno lenyewe likawa halisikiki. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mzee Athumani alimsogelea. Sikuwahi kumwona amevua kofia kabla ya siku ile.

"Nisamehe, mwalimu. Nimemzika ndugu yako kila wiki kwa mdomo wangu."

Mwalimu akatikisa kichwa.

"Hapana, mzee. Nilikuwa nakuja kwa ajili ya hilo. Nyumbani wote wanaandika amekufa, amekufa. Hapa watu wote wanasema hajafa. Nilikuwa nakuja kusikia."

Nilikaa chini. Mimi na moshi wangu wa jenereta.

Sasa kama hukuzaliwa pwani huku, utashangaa lililofuata, na mimi niliyezaliwa huku nilishtuka vilevile. Pale kijijini aliishi Mnyamwezi mmoja, Masanja, mchoma mkaa, mtani wa Wazaramo wote. Mnajua mtani ana kazi yake msibani. Anamcheka marehemu, anamwigiza, anavuruga watu, na anaweza kukamata chochote cha wafiwa asikiachie mpaka akombolewe, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Lakini sote tulidhani kwa mgeni kama huyu Masanja atakaa kimya.

Akatokea nyuma ya nyumba. Mabegani amejaza sufi za mito mpaka shingo imepotea. Kichwani sufuria, masizi yanamtiririka usoni. Kwapani papai. Akapita mbio katikati ya wafiwa, akajizungusha, akaruka sahani za wali, akajitupa kifudifudi mbele ya mwalimu na kulala hapo kama mzoga.

Ua mzima uliganda. Niliona Mzee Athumani anafumba macho. Masanja akainua sufuria kidogo.

"Kafa huyu?" akauliza. "Au anakwepa kulima?"

Mwalimu Tomu alimtazama. Halafu akacheka. Kicheko kilimtoka tumboni na machozi hayajakauka, akacheka mpaka akalala ubavu kwenye mkeka, na watu wakaona wana ruhusa, wakacheka wote, na Bibi Chausiku akampiga Masanja mwiko wa mgongo kama inavyotakiwa.

Masanja hakuwa amemaliza. Akaenda garini, akarudi na kasanduku ka mbao, akalichomoa lile kopo la plasta na kulikalia.

"Mali ya marehemu. Nimekamata," akasema. "Nikomboeni."

"Chukua kuku," akasema mtu.

"Kuku ninaye. Sitaki kuku, sitaki hela. Huyu bwana mmemkata mbio zake katikati. Amesimama pale mwaka mzima anafunga kamba ya kofia. Nikombolewe kwa kumwacha amalize."

Kicheko kikafa. Kila mtu akamtazama mwalimu. Utani una haki yake, lakini hata mtani anajua pa kuishia, na nadhani Masanja mwenyewe aliogopa, maana masizi yalikuwa yanamtiririka na jasho.

"Unaishaje?" Mzee Athumani akauliza taratibu. "Anashindwa?"

"Unaishia yuko chini," akasema mwalimu. "Wamemwangukia, na mpiga picha mkanda ukamwishia. Hainuki. Zamani mimi na yeye tulikuwa tunacheka sana mahali hapo. Sasa siwezi. Taa inazimwa na yeye yuko chini."

Kisha akanyoosha mkono, Masanja akainuka, akampa kopo. Mwalimu akashika ncha ya plasta akaibandua mwenyewe.

Baada ya swala ya isha tukafunga shuka. Watu walijaa pande zote mbili. Niliosha mikono mara mbili. Mzee Athumani alichukua kipaza sauti, akakitazama, akampa Mwalimu Tomu. Sikuwahi kumwona anampa mtu.

Mkanda wa kwanza na wa pili ukapita watu wakiwa kimya, hakuna wa kuuliza kafa, hakuna wa kujibu. Nikapachika wa tatu. Ulikuwa mfupi. Hapo ndipo nilipoacha mashine nikainua macho. Weupe wanapewa nafasi ya mwisho. Kinyamkera anachukua mpira, anazunguka, anampita mmoja, anampita wa pili, mstari wa mwisho uko pale pale mbele, na weusi wote wanamwangukia. Lundo. Vumbi. Huoni mpira, huoni mguu. Lundo linaanza kufumuka, anainuka mmoja, anainuka mwingine, na shuka likawa jeupe.

Mkono wangu ulikwenda kwenye swichi wenyewe. Mzee Athumani akaushika.

"Acha," akasema.

Taa ikabaki inawaka kwenye kitambaa kitupu, na watu wote wa Masaki wanakitazama. Nikasikia kipaza sauti kinakwaruza. Sauti ya mwalimu ilikuwa ndogo.

"Kafa?"

"Hajafa," wakajibu. Waliokuwa mbele na waliokuwa nyuma ya shuka, pamoja na wanawake, na shehe, na Masanja na masizi yake. Sijawahi kusikia sauti kama ile tena. Hakurudia kuuliza, nao hawakurudia kujibu. Tukabaki tunatazama mwanga, globu inaungua, na Mzee Athumani hasemi kitu.

Hakuna aliyeuliza kama mpira ulivuka. Ubishi huo ulikuja baadaye, na hauna mwisho. Bibi Chausiku peke yake ndiye aliyegeuka kwenye mkeka wake, mbele kule.

"Mwanangu, wewe ulikuwepo uwanjani siku hiyo?"

"Nilikuwepo, bibi."

"Aliinuka?"

"Aliinuka."

"Haya," akasema Bibi Chausiku, akaanza kukunja mkeka. "Zimeni taa."